Nyuzi Themanini Zilizotufurahisha Bure

Ghorofa ya Pili,
S.L.P. 418.
9 Aprili

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako limeacha kukusumbua unapopanda ngazi. Je, Mjomba bado anapoteza miwani kisha anamsingizia paka? Mimi sijambo, ingawa wiki iliyopita nilikonda kwa hofu.

Uliniuliza kama ofisini kwetu tunatengeneza mabomu. Hapana, Shangazi! Haidrojeni ni gesi inayoweza kuendesha gari, ila kuihifadhi ni kazi ngumu. Ziko metali zinazoinywa kama sifongo inavyonywa maji. Zikishainywa huitwa haidridi, na zikipashwa moto huiachia. Daktari wetu, mtafiti anayeongoza ofisi, hazigusi hata kwa kidole. Anazipima kwa hesabu ndani ya kompyuta, moja baada ya nyingine, akitafuta itakayoachia gesi kwa joto dogo. Uvumilivu wake ni wa kuvulia kofia.

Mimi ninanakili majibu kwenye jedwali, na hapo ndipo nilipoharibu. Kompyuta huandika joto kwa kelvini, kipimo cha wanasayansi; mimi hupunguza 273 ili lisomeke kwa selsiasi, nyuzi zetu za kawaida. Joto la haidridi moja Daktari alikuwa ameshalipunguza mwenyewe. Nami, kwa kujifanya mwangalifu, nikapunguza tena. Nyuzi 353 zikawa 80.

Ofisi ilishangilia. Fundi wa kompyuta, tunayemwita Feni kwa kuwa hanyamazi, alinipiga begani: "Karani, una mkono wa heri wewe! Siku ya tuzo utanishikia koti." Wenzetu wa maabara wakaahidi kuanza kuitengeneza haidridi hiyo Jumatatu.

Ijumaa asubuhi nikaligundua kosa. Nikinyamaza, watu wangepoteza miezi yao; nikisema, kazi yangu, ambayo bado ni ya majaribio, ingekwenda na maji. Nilifika mlangoni kwa Daktari nikarudi, mara mbili. Mara ya tatu akaita kutoka ndani: "Ingia, mwanangu, utatoboa sakafu."

Nikamwonyesha. Alitazama jedwali, akavua miwani. Kisha akapiga simu maabara mbele yangu. "Msianze. Kosa ni letu." Hakusema la karani, Shangazi. Alisema letu.

Halafu akatoa droo­ni daftari la kijani. Humo kila mtu wa ofisi huandika kosa lake kwa mkono wake na kutia sahihi. La kwanza ni lake: alisahau atomu moja, akapiga hesabu miezi minne juu ya kitu kisichokuwepo duniani. Feni ana kurasa tatu peke yake.

"Andika vizuri," akaniambia, "ajaye baada yako aelewe."

Niliandika. Akasoma, akachukua kalamu, akaongeza chini yake: "Nami niliipenda themanini mno, nikaacha kuihakiki." Akatia sahihi kando ya yangu.

Nisalimie Mjomba, Dada Mkubwa na watoto wake pacha wasiolala. Mwambie Bibi koti alilonishonea linanitosha sasa. Mungu awalinde nyote, na goti lako alipe nguvu.

Jana Daktari alinikabidhi barua yangu ya ajira ya kudumu. Nimeisoma mara nne nikitafuta kosa, sijaliona.

Mimi mwanao nikupendaye daima,
Karani