Mashini Inaomba Msamaha

Jumanne, mwezi wa tatu. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ziwa limekuwa rangi ya majivu, na milima ya Burundi ng'ambo haionekani kabisa. Kifua kimeniamsha kabla ya jogoo. Ninaandika kwa kidole kimoja, nikipumzika kila baada ya mstari.

Daktari hakunificha. Sina miezi mingi. Kwa hiyo leo sitaandika juu ya sarufi, kama mlivyozoea ninyi wanafunzi wangu wa zamani mnaosoma ukurasa huu.

Mwaka jana binti yetu Neema, anayeishi Ubelgiji, alitutumia kifaa kidogo cha kuchomeka nyuma ya televisheni. Ukikiambia unataka kutazama nini, kinakutafutia kwenye intaneti bila wewe kugusa kitufe. Kinasikia Kifaransa. Kiswahili chetu hakijui.

Nilifurahi kupita kiasi, nakiri. Niliketi kitini nikaamuru kwa Kifaransa cha darasani, kila irabu mahali pake: weka habari, ongeza sauti, zima. Kikatii. Tangu nistaafu hakuna aliyekuwa amenitii haraka hivyo.

Mke wangu, Mama Neema, alisema nacho kwa Kiswahili, akiomba misa. Sauti ya kike ikamjibu kwa Kifaransa kwamba inasikitika, haikuelewa. Akarudia kwa Kifuliiru, makusudi. Jibu lilelile. Akashika kiuno.

"Eh, Baba Neema! Huyu iko mwalimu mwenzako kabisa."

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko yeye.

Asubuhi ya leo sauti yangu imekataa. Nilitaka misa. Nikasema, mashini ikasikitika. Nikasema tena polepole, nikikohoa katikati ya neno, ikasikitika tena. Sijui mara ngapi. Kifaransa nilichokifundisha miaka thelathini na minne kilitoka kinywani kama pumzi ya mpira uliotoboka. Mama Neema aliweka kando maharage aliyokuwa anachambua, akachukua telekomande, akabonyeza mwenyewe.

"Usikasirike," akasema. "Hii mashini, hata kama haielewi, inaombaka musamaha. Weye, hapana."

Nadhani alikuwa anatania. Sikucheka.

Nilifundisha darasa la tatu kule Lubarika, bondeni. Nilikuwa na sheria, na haikuwa ya shule, ilikuwa yangu: mtoto akizungumza nami kwa lugha nyingine isipokuwa Kifaransa, simsikii. Sikupiga watoto, na nilijisifu kwa hilo. Nilikuwa naangalia dirishani tu, mpaka mtoto apate maneno au akae.

Domitila alikuwa na miaka tisa, mtoto wa wakulima wa mpunga. Nyumbani kwao walisema Kirundi tu. Siku moja alisimama akaomba kutoka, kwa Kirundi. Niliangalia dirishani. Akaomba kwa Kiswahili, sauti ikitetemeka. Niligeukia ubao nikaendelea kuandika vitenzi. Darasa lilipoanza kucheka ndipo nilipotazama: amesimama juu ya mkojo wake, sketi ya bluu imeloa, macho makavu.

Hakurudi shule tena.

Sikwenda kwao kumrudisha. Ulikuwa mwendo wa robo saa.

Vita vilipomkimbiza kutoka bondeni alihamia hapa Nyamianda, na sasa anapita mlangoni petu na beseni la ndagala. Ananiita Mwalimu. Miaka sita nimekula samaki wake na kuitikia salamu zake, na kila anapoondoka najiambia: wiki ijayo.

Leo mvua ilipopungua akabisha hodi. Nikamwomba aingie. Alikaa ukingoni mwa kiti, beseni kati ya miguu, akidhani labda samaki wa juzi walikuwa wameharibika. Nikamweleza ni msamaha gani ninaouomba. Nilisema kwa Kiswahili. Kirundi nimeishi nacho maisha yangu yote, na bado sikijui vya kutosha kuombea radhi.

Mama Neema alizima televisheni.

"Mwalimu," Domitila akasema, "minye nakuuliza kitu kimoja tu. Ile siku, ulinisikia ao haukunisikia? Juu mama aliniambia nilisema na sauti kidogo sana. Mpaka leo nasemaka na watoto wangu: museme kwa nguvu, bakubwa basikie."

Kumbe miaka yote hii alikuwa amebeba kosa langu, akalifanya lake, akawarithisha watoto.

Njia ya kutokea ilikuwepo. Mzee wa miaka themanini na mbili akisema masikio yake yalikuwa mabovu, nani atambishia? Na yeye angefarijika, angalau kidogo. Nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa kusema hivyo.

"Nilikusikia," nikasema. "Mara zote mbili."

Aliangalia ndagala zake. Akasema, "Haya," akajitwisha beseni, akatoka. Hakutupimia samaki, na Mama Neema hakumkumbusha. Hakusema amenisamehe. Sikuthubutu kumuuliza.

Domitila si jina lake. Lake sina ruhusa ya kuliandika. Alhamisi ndiyo siku yake ya kupita tena, na sijui kama atashika njia hii au ile ya chini, karibu na ziwa. Akishika ile ya chini, sitamlaumu.

Nimebakiwa na pumzi ya mistari michache, nayo ni ya ninyi wengine mlioketi kwenye madawati yale. Huenda mmoja wenu aliomba maji, au alitaka kuniambia kwamba nyumbani kuna mgonjwa, akaona mgongo wangu, akakaa chini akidhani hakusema vizuri.

Mlisema vizuri. Nilikuwa ninasikia.