Mzee Haulizwi Choo

Jumatatu, 2 Mei 1994

Beseni la choo tena. Nimewafundisha wanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza kulipasha kwa maji moto, kulifuta, kumwinua mgonjwa kiuno, kulisukuma chini yake bila kumchuna ngozi. Kwenye mdoli walikuwa hodari. Mdoli hanuki.

Wodi ya wanaume ikawa aibu tupu. Mmoja kajiziba pua kwa kola. Mwingine katapika kwenye sinki la kunawia mikono. Yule wa kucha nyekundu, ambaye mjomba wake anapitisha bidhaa mpakani Holili, kashika beseni kwa ncha za vidole kama kashika panya aliyeoza. Nikamuuliza, wewe ulidhani uuguzi ni kofia? Wenzake wakacheka. Sikucheka. Wananitia kinyaa wao kuliko kilichomo kwenye beseni.

Na glavu! Tunazifua, tunazianika kwenye kamba nyuma ya wodi kama soksi, tunazipaka poda, tunazivaa tena mpaka zinatoboka vidole. Siku hizi mgonjwa achangie, ndiyo lugha mpya, basi anakuja na sabuni yake na sindano zake kwenye mfuko wa rambo. Glavu mpya zikiletwa zinayeyuka. Halafu nikirudi kwetu Majengo nazikuta kwenye zahanati ya mtu binafsi, kasha lilelile. Hiyo nayo inanuka, ila hakuna anayeziba pua.

Aliyenifurahisha ni mmoja. Felista, binti wa Mwika, mlimani. Hakukunja uso hata kidogo. Nimempa mzee Aloisi, wa hukohuko Mwika, aliyeanguka akikata majani ya ng'ombe akavunjika paja. Mguu umetundikwa kwa kamba na vyuma vizito. Hakai, hageuki. Kila kitu afanyiwe. Huyo ndiye mgonjwa wa majaribio wa Felista: akimhudumia vizuri anabaki chuoni, akiharibu anarudishwa kwao. Na kwao kuna mama mjane na migomba. Kahawa wameshaing'oa.

Jumanne, 3 Mei

Ripoti ya asubuhi. Wenzake wanang'ata maneno, wanajikuna. Felista kasimama wima: "Mzee Aloisi amekula, amelala, amepata choo." Basi. Ndivyo ripoti inavyotakiwa.

Mvua tangu alfajiri. Wodi inanuka blanketi mbichi na mikojo.

Alhamisi, 5 Mei

Nimemsifia Felista mbele ya darasa. Nimelinyanyua beseni lake juu waone linavyong'aa. Nikawaambia, tazameni, hata harufu halina.

Mzee mwenyewe hanipendezi. Mkwe wake kamletea mtori na maziwa mgando, yeye kaonja kijiko akasukuma bakuli. Nikamsogelea. Shikamoo mzee, choo kinapatikana? Akageuza uso ukutani kana kwamba amenuswa na mbwa. Felista akadakia kutoka kitanda cha pili: "Amepata, sista." Kiburi cha wazee wa mlimani nakijua. Mimi kwao ni mswahili wa mjini tu, mtu wa kanga na pilau. Shauri yake.

Ijumaa, 6 Mei

Nimekasirika.

Tumbo la mzee Aloisi limejaa kama ngoma. Kwikwi haimwachi. Nimelibonyeza upande wa kushoto, mawe matupu. Kisha akatapika, na matapishi yakanuka choo. Nimefanya kazi hii tangu ujana, harufu ile sijaizoea na sitaizoea. Imenikaa kooni mpaka sasa. Chai imenishinda.

Daktari kaja, kamshika tumbo, kanitazama mimi. Kasema tujaribu kwa njia ya chini. Isipofunguka, kesho jioni anapasuliwa. Kwa umri ule na paja lile, sote tunajua maana yake.

Nikamwita Felista. Mzee amepata choo lini? Umeona kwa macho yako? Akainama. Beseni halikuwa na harufu kwa sababu halijawahi kutumika! Na mimi nimelipandisha juu mbele ya darasa zima kama kikombe cha ligi.

Alipofungua mdomo akasema, "Sista, mzee kama yule haulizwi choo."

Nikataka kumzaba kofi. Akanieleza huku analia. Zamani, huko kwao, mwanaume akishatahiriwa na kupitishwa mafunzo, ilisemwa amezibwa. Ngoso, ndilo jina la kizibo hicho. Haendi choo tena maisha yake yote. Wanawake na watoto ndio wanaokwenda. Hakuna aliyezibwa, bila shaka, wanawake walijua, lakini mke alikula kiapo cha kutokujua. Mzee alijificha kwenye migomba kabla hakujapambazuka, akafukia. Babu yake Felista alikufa hivyo, na bibi akazikwa na siri yake. Mzee Aloisi ni wa rika la mwisho mwisho la watu hao. Ameshakuwa Mkatoliki, ana redio, ana mjukuu chuo kikuu, lakini hilo hajaliacha. Alimwambia Felista kwa Kichagga: mwambie huyo wa mjini nimekwenda, yaishe. Naye akasema.

Ningesema hajapata, akaniambia, ungeniagiza nimwekee enema, maji ya njia ya chini, mbele ya watu. Mimi ni kama mjukuu wake, sista.

Nikafoka. Pale pale, katikati ya vitanda. Nikamwambia mavi ni mavi, yawe ya chifu au ya padri, na mzee huyu atakufa kwa mavi yake mwenyewe kwa sababu mnayaonea haya. Mzee kanisikia. Akavuta blanketi mpaka machoni.

Kisha nikaenda kwa mama mkuu wa chuo nikamwambia mwanafunzi amesema uongo kwenye ripoti. Sheria ya uongo kwenye ripoti anaijua kila mtu. Ni begi na kwaheri.

Nimeoga mara mbili. Bado nanuka.

Jumamosi, 7 Mei

Asubuhi nimepanga kila kitu kwenye trei. Maji ya sabuni, mpira, jeli, glavu zenye afadhali. Mzee kakataa. Nikamwambia mficha uchi hazai. Akaniambia kwa Kiswahili chake kizito kwamba yeye ameshazaa, na sasa nimwache afe. Nilipoishika shuka akanipiga kofi la mkononi. Hana nguvu za kula, za kupiga anazo! Mhudumu wa kiume hajaonekana tangu jana, labda yuko kwenye pombe. Mkwe analia barazani, naye ukimwambia aingie amsemeshe anaruka kama umemtaja shetani. Hawezi kulitaja jambo lile mbele ya baba mkwe. Nikachukia wote. Watu wanaokufa kwa adabu! Nilikuwa tayari kumfunga mikono.

Felista akaja. Sikumwita. Alikuwa na kitu mkononi: jani la sale, kalichuma kwenye uzio wa hospitali. Hata mimi wa mjini najua sale. Mchagga akikushikia sale kwa mikono miwili anakuomba msamaha, na hukatai, hata kama alikuulia ndugu.

Akapiga magoti kando ya kitanda. Akamwita meku, yaani mzee. Akasema maneno machache kwa Kichagga, jani mbele yake. Mzee akafumba macho. Kisha akatoa mkono nje ya blanketi akalipokea.

Akasema jambo moja na Felista akanitafsiria kwa woga: yule mama asiseme lile neno.

Sikulisema. Pazia la wodi liliibwa mwaka jana, kwa hiyo tukashika kanga, ya kwangu na ya mkwe, tukazifunga kwenye vyuma vya kitanda. Maji hayakuingia. Njia imeziba, yanarudi yote, shuka zimelowa. Ikabaki kidole. Nikamwonyesha Felista jinsi ya kuingia polepole, kufuata upande wa mgongo, kuvunja kidogo kidogo, kumwacha apumue. Akafanya. Glavu ilikuwa na tundu kwenye kidole cha shahada, aliliona, akaendelea.

Sitaandika yote. Yalitoka magumu, meusi, kama mbolea iliyokauka zizini, kisha nyuma yake yakaja yale mengine, ya maji, na harufu ikapanda mpaka wagonjwa wa vitanda vya mwisho wakafungua madirisha mvua ikanyesha ndani. Felista uso wake haukukunjika. Alikuwa anamwambia mzee kitu kwa sauti ya chini, mara kwa mara, kama mtu anayembembeleza ng'ombe anayezaa.

Aliyetapika ni mimi. Mwalimu wa vitendo! Kwenye sinki la kunawia mikono. Yule wa kucha nyekundu kaniona, akanishika bega, akafungua bomba. Hakucheka. Nyani haoni kundule.

Jioni tumbo limelainika. Daktari kaahirisha kisu.

Jumapili, 8 Mei

Nimekwenda kwa mkuu wa chuo nyumbani kwake, ametoka kanisani. Nikasema nafuta maneno yangu. Akasema maneno hayafutwi, Zaina, wewe ndiye uliyeyaleta. Akasema mwanafunzi akidanganya leo kuhusu choo, kesho atadanganya kuhusu dawa. Na ni kweli! Hicho ndicho kinachonichefua. Ni kweli, nami ndiye niliyewafundisha hivyo. Nikamweleza ya mzee na ya zamani. Akasema hizo ni hadithi za washenzi. Yeye ni Mchagga wa Marangu. Anajua kabisa.

Kesho atakuja wodini mwenyewe kumwambia Felista afunge begi.

Jumatatu, 9 Mei

Kaja. Kasimama miguuni pa kitanda cha mzee Aloisi, viatu vinang'aa, marashi yanatangulia. Felista alikuwa anamkausha mzee mgongo. Mkuu akasema aweke taulo chini. Akasema mbele ya wote kwamba mwanafunzi aliyetoa taarifa ya uongo hana nafasi. Felista akaweka taulo chini. Hakujitetea. Angejitetea kwa nini? Kujitetea ni kumtaja mzee.

Nikafungua mdomo.

Mzee Aloisi akakohoa. Akasema kwa Kiswahili, si kwa Kichagga, makusudi, ili kila mtu wodini asikie: "Mama mkubwa. Huyu mtoto nilimtuma mimi. Mimi nilikuwa sijanya. Sasa nimekunya. Ni yeye aliyenikunyisha."

Mkwe alikuwa mlangoni na chupa ya chai. Akaweka kanga mdomoni, akarudi nyuma, akatoka. Kitanda cha pili kuna mzee mwingine wa mlimani, wa umri uleule. Akageuza uso ukutani. Hakuna aliyecheka. Hata wale vijana wa pikipiki waliovunjika miguu, wenye mizaha ya kila saa, walitazama chini.

Mkuu wa chuo uso ulimwiva mpaka masikioni. Alielewa alichokisikia. Alielewa kuliko mimi. Akasema, "Pole, meku," sauti ndogo sana, akaondoka. Hakurudia lile la begi, wala hajarudia mpaka sasa. Nikamfuata kwenye korido kuuliza, akaniambia Felista aendelee na zamu.

Felista akalia baadaye, chumba cha kuoshea mabeseni, paji la uso kwenye ukuta. Nikadhani ni furaha. Akasema, afadhali ningerudi nyumbani, sista. Afadhali ningerudi kuliko aseme vile.

Nilisimama pale nimeshika dumu la dawa ya kusafishia. Nikamsaidia kuosha.

Jumatano, 11 Mei

Mzee hajazungumza na mtu tangu juzi. Anakula. Tumbo laini. Lakini anatazama dari tu. Mkwe anaweka chakula na kuondoka bila kumwangalia, anaogopa hata kumsalimia. Nimewachukia wote wiki nzima, leo nimechoka hata kuchukia.

Kasha la glavu lililoletwa jana limeshakwisha. Nimepita zahanati ile ya Majengo makusudi. Nimetema mate mlangoni kwao.

Ijumaa, 13 Mei

Mvua imekatika, mlima umejitokeza mpaka kileleni. Nimefika wodini mapema.

Lile jani la sale bado lipo. Mzee analo, limeanza kukauka kingo. Kawaida linakaa chini ya mto. Leo nimekuta kaliweka juu ya blanketi, kifuani. Felista akaliona kutoka mbali. Hakuuliza kitu. Akaenda akafunga kanga kwenye vyuma, akapasha beseni, akamwinua kiuno kama nilivyomfundisha, akatoka nje ya kanga akasimama akitazama dirishani. Baadaye akarudi. Alipoondoka na beseni, jani lilikuwa limerudi chini ya mto.

Nilimfuata nikatazama. Beseni lilikuwa na kitu, cha kawaida, cha mtu mzima. Lilinuka. Nikaridhika.

Kwenye ripoti akasimama wima. "Mzee Aloisi amekula, amelala," akasema, "sale limetoka, limerudi."

Mkuu wa chuo alikuwepo. Nilimtazama. Aliinamisha kichwa akaandika. Nami nikamwambia yule wa kucha nyekundu aendelee na yule mzee wa mlimani wa kitanda cha pili, na jioni ajifunze kwa Felista.