Kalvati Liko Juu, Maji Yako Bondeni

Alhamisi. Mvua ilianza saa nane mchana na haijakoma. Nguo zangu zimelowa, mgongo unauma, na nimekasirika kiasi kwamba chai imepoa mbele yangu bila kuguswa.

Nimechoka kuwa bosi ambaye hakuna anayemuuliza kitu.

Mimi ndiye msimamizi wa wadi hii. Barua ya kazi inasema hivyo, na mlango wa ofisi pia. Lakini Jumanne, mkandarasi alipoleta kalvati, bomba la kupitisha maji chini ya barabara yetu ya mashamba ya miwa, alinipita akaenda kumsalimu Wafula kwa mikono miwili. Wafula ni karani wangu. Ananiletea faili.

Nilimwonyesha mkandarasi pale bondeni, karibu na lango la bibi yetu mzee, Kukhu Nanzala. Konsolata, nyapara wa vibarua, alikuwa ameshapaweka alama ya vigingi. Amekata miwa sehemu hiyo miaka mingi, anajua maji yanakopita. Mkandarasi alinisikiliza huku akitazama simu yake, kisha akamgeukia Wafula.

"Mzee, wewe unaonaje?"

Wafula akasema hapo juu panafaa, lori litageuka vizuri. Likawekwa hapo juu.

Hapa naandika jambo ambalo sijamwambia hata mume wangu. Nilinyamaza. Mwezi uliopita nilibishana kwenye baraza kuhusu barabara nyingine, na tangu siku hiyo sokoni wananiita Mama Kelele. Jumanne nilijiambia, leo wacha wafanye watakavyo, nisionekane mkali tena. Konsolata alinitazama akingoja niseme neno. Nikajifanya nasoma karatasi.

Leo maji yameingia nyumbani kwa Kukhu Nanzala.

Nilimkuta ameketi juu ya kitanda, miguu ameikunja, kuku amempakata. Vifaranga wote wamesombwa. Mahindi aliyoyaweka kwa mbegu yalikuwa yanaelea jikoni. Hakunipigia kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Omwana wanje, mwanangu," alisema, "ulipopewa hiyo ofisi nilishukuru Mungu. Nilisema sasa tumepata mtu anajua maji inapitanga wapi."

Nilitoka nje nikampigia mkandarasi. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu yote makali. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole kabisa, "Lakini madam, si ulikuwa hapo? Hukusema kitu."

Akakata simu.

Nilirudi ndani nikamweleza Kukhu ukweli. Kwamba nilijua, na nilinyamaza, ili nisisemwe. Sikumtaja Wafula wala mkandarasi. Alinyoosha kidole kwenye jembe lililoegemea ukutani.

Basi nikalichukua nikaanza kuchimba. Konsolata alikuja na wanawake wanne wa kikosi chake, mvua ikitupiga, tukachimba mfereji wa kuyapeleka maji upande wa miwa. Hatimaye Konsolata alisema, bila kuinua kichwa, "Jumanne ulituangusha, madam." Nikajibu ndiyo. Tukaendelea kuchimba, na maji yakaanza kupungua mlangoni.

Wafula alifika jioni, mwavuli mkononi, viatu vikavu, na fomu ya kukubali kazi ya mkandarasi ili nitie sahihi. Nilikataa. Nikaandika hapo chini kwa mkono wenye matope: kalvati ling'olewe, lipelekwe bondeni. Alisoma mara mbili. Akauliza kama nimeshauriana na mtu.

Nimeshauriana na Konsolata, nikamwambia.

Mkandarasi atakuja kesho saa mbili asubuhi, na najua atamtafuta Wafula kwanza. Sokoni watasema tena, labda kwa jina baya kuliko lile la kwanza. Bado naliogopa jina hilo, sitajidanganya. Lakini nimemwomba Konsolata asimame kando yangu, na kabla mtu yeyote hajasalimiwa, nitakuwa nimeshaanza kusema.

Kwa nini ilibidi mahindi ya mwanamke mzee yaelee kwanza?