Nguzo Tano Nyuma ya Goli

Jumamosi, 4 Februari 2023

Tumeshinda 3–1. Upepo wa baharini, matope mpaka magotini, watazamaji arobaini na mmoja ukimhesabu na mbwa. Mbwa ndiye aliyeshangilia kuliko wote.

Baada ya mechi kamati ilikaa kwenye stoo, sote watano, wachezaji wakioga upande wa pili wa ukuta na kuimba matusi. Hoja imepita! Timu yetu, Balwherrie Primrose, itaomba kuingia ligi ya mkoa msimu ujao. Daraja la chini kabisa, chini ya hapo ni majani tu. Lakini ni ligi yenye ngazi. Ukihesabu vidato kwenda juu unafika kwenye viwanja vya watu elfu hamsini. Najua hatutavipanda vyote. Huenda tusipande hata kimoja. Nataka tu mguu wetu uwe kwenye ngazi.

Mgodi ulipofungwa, timu ilikufa nao. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Tuliifufua miaka mitano iliyopita, na tangu hapo tunacheza mechi za ridhaa ambazo hakuna anayeziandika popote. Miaka thelathini na minane sijaliona jina la kijiji hiki gazetini ila kwa ajali, wizi, au barua zangu mwenyewe za kugombana na watu.

Tam Geddie, mwenyekiti wetu, dereva wa basi, akanigeukia: "Barua ya maombi utaandika wewe, profesa. Ila safari hii usimtukane mtu."

Mimi si profesa. Naendesha gari la maktaba. Lakini nimesoma kila kilichomo.

Jumanne, 14 Februari

Ligi imejibu. Barua ya adabu kabisa — inaniudhi, haina pa kuishika. Tunakaribishwa. Taa si lazima. Viti si lazima. Maji ya moto, tunayo. Chumba cha refa, tunacho, kinanuka chokaa. Halafu: reli ya chuma, yaani uzio wa bomba wa kuwazuia watazamaji, kuuzunguka uwanja wote, na ndani ya reli pasiwe na kizuizi chochote, wala mtu mwingine mwenye haki ya kuingia na kutoka. Mkaguzi atakuja 25 Machi.

Kizuizi chochote. Nguzo za Bi Isa Moncur!

Nilikaa na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa.

Jumatano, 15 Februari

Tumepima, mimi na Tam, kwa kamba. Nguzo tano za chuma za kuanikia nguo, nyuma ya goli la kaskazini. Mita moja na robo kutoka mstari wa goli.

"Kipa akirudi nyuma kwa pupa, uti wa mgongo kwisha," alisema Tam. "Sogeza uwanja kusini."

"Kusini kuna kijito, Tam."

"Basi sogeza kijito!"

Alizunguka, akapiga nguzo teke, akaumia, akatukana. "Tuzing'oe tu. Nani atalalamika?"

"Mimi."

"Wewe? Katibu wa klabu?" Alicheka mpaka akalishika goli asianguke. "Haya, mchimba kisima, ingia mwenyewe."

Ijumaa, 17 Februari

Nimekitoa kijitabu changu kwenye sanduku. 1998. Kurasa ishirini na nne, alama za mshangao mia moja na kitu. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa na sikuwahi kushindwa hoja, au nilidhani hivyo.

Kampuni ilitaka kujenga nyumba arobaini juu ya kiwanja. Halmashauri, wenye ardhi, walikuwa tayari kuuza. Tulilia, tuliandamana, tukaimba. Haikusaidia. Kilichotuokoa mahakamani ni sentensi moja kwenye hati za nyumba kumi na mbili za mtaa wa nyuma, tangu enzi za kiwanda cha kitani: wakazi wake wana haki ya kuanika nguo pale, milele, siku zote isipokuwa Jumapili. Huwezi kujenga juu ya kamba ya mtu. Nilichimbua mimi sentensi ile. Mimi!

Na nikaandika, ukurasa wa mwisho: "Haki isiyotumiwa miaka ishirini hufa. Anikeni, kina mama! Anikeni hata mvuani!"

Nyumba kumi na moja zilinunua mashine, zikaacha. Ikapita miaka ishirini. Haki zao zimekufa. Imebaki ya Bi Isa peke yake, na kiwanja chote kinaning'inia kwenye shuka zake.

Jumatatu, 20 Februari

Jumatatu ni siku yake. Shuka mbili na foronya kambani, kwenye manyunyu. Nilikwenda na hotuba nzima kichwani.

"Ingia, mwanangu, futa miguu kwanza. Futa tena."

Chai, skoni za kuokwa nyumbani, jamu. Miaka themanini na tatu, na bado humkatia mgeni kipande kikubwa kuliko chake.

"Nguzo zangu zinawasumbua," alisema.

"Nani kakwambia?"

"Tam. Na mwenye duka. Na mchungaji. Lete karatasi nitie saini."

"Bi Isa, subiri kwanza. Hiyo haki ndiyo—"

"Najua ni nini, nilikisoma kijitabu chako. Mara mbili. Kina kelele." Akanyoosha kidole, nikatazama chini ya ngazi. Mashine ya kukaushia nguo. Nyeupe, kubwa, kuukuu. "Mume wangu Dod alininunulia kabla hajafa. Mwaka elfu mbili."

"Na zile shuka kule nje?"

"Zile nimezikausha humu kwanza. Kisha nikazipeleka kuanika."

Sikuelewa. Akarudia polepole, kama unavyomwambia mlevi njia ya kwao.

"Nazikausha, Lorne. Halafu natoka nazo, nazianika, zinaloa, narudi nazo, nazikausha tena. Uliandika haki isipotumiwa hufa. Basi nikaitumia. Miaka ishirini na nne. Nyonga yangu hukulaani kila Jumatatu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha sana."

Niliirudisha skoni sahanini. Nikajaribu tena: vizazi vijavyo, ardhi ya umma, kampuni zenye subira kama paka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema Dod wake alisimama katika goli lile la kaskazini misimu kumi na mmoja, na wageni walikuwa wakishuka kutoka kwenye mabasi yao na kumtukana kutoka filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, masikio yake, miguu yake, mama yake. Yeye alikuwa akisimama nyuma ya goli, akiwasikia, na hajawahi kuwa na raha kama ile tena.

"Nataka kusikia wageni wakimtukana kipa wetu," alisema. "Vizazi vijavyo ni jambo zuri, mwanangu. Mimi ni kizazi kilichopo, na sina misimu mingi."

Jumapili, 26 Februari

Kamati. Nilisema akitia saini, kiwanja kinabaki uchi. Tam alinikata.

"Kwa hiyo tubaki na uwanja usio na ligi?"

"Na wewe unataka ligi isiyo na uwanja!"

"Uwanja huu umeulinda miaka ishirini na nne, sawa, tunakushukuru, tutakuwekea benchi lenye jina lako. Uliulinda kwa ajili ya nini, bwana? Kwa ajili ya shuka?"

Watu wakacheka. Mimi nimewajibu wabunge. Nimewajibu maaskofu. Nimemjibu mtu aliyekuwa na shahada tatu mpaka akaomba maji. Jana usiku ningekuwa na majibu kumi. Leo niliutazama mfuko wa mipira.

Kura nne kwa moja.

Alhamisi, 2 Machi

Wakili amewaandikia halmashauri, wamejibu. Nguzo zinaweza kuhamishiwa nje ya reli, hawana kinyongo. Ila haki iachwe kwanza, kwa maandishi, kisha wao "watafikiria" kutoa ruhusa. Na kiwanja hawana mpango wa kukiuza kwa sasa.

Kwa sasa! Nimesoma historia ya kutosha kujua kwamba ardhi ya watu haichukuliwi kwanza kwa bunduki wala kwa tingatinga. Inachukuliwa kwa maneno mawili mwishoni mwa sentensi.

Wakili aliniambia kwa simu, bila kuulizwa: ikishaachwa, hairudi.

Jumamosi, 11 Machi

Ugenini, 0–0, mechi mbaya kama mguu wa meza. Si hiyo ninayotaka kuiandika.

Tukirudi, basi lilipita pembeni ya uwanja wa klabu moja ya ligi ile. Klabu ndogo, kijiji kidogo kuliko chetu. Hakukuwa na mechi, hakukuwa na mtu. Reli tu, imepakwa rangi nyeupe, inazunguka majani. Mtu mmoja akasema, "Tam, punguza mwendo." Tam akapunguza. Mwezeka paa wetu, wauguzi wetu wawili, beki wetu mwenye watoto wanne — wote wakahamia upande mmoja, vipaji vya nyuso kwenye vioo. Basi likainama. Hakuna aliyefanya mzaha. Wachezaji wa Primrose bila mzaha!

Na mimi nilikuwa miongoni mwao. Pumzi yangu ilitia ukungu kioo, nikakifuta kwa mkono wa koti ili nione bomba la chuma lililopakwa rangi. Nina miaka hamsini na tatu. Sijawahi kumtazama mwanamke hivyo, na nilioa.

Ijumaa, 17 Machi

Bi Isa alikuja kwenye gari la maktaba, akapanga foleni nyuma ya mtu anayerudisha riwaya za mauaji. Zamu yake ilipofika akaweka bahasha mezani.

"Nimeshatia saini. Mashahidi wawili, Tam mmoja wao. Mkono wake mchafu, kaacha alama pale pembeni."

"Ungempa Tam."

"Tam angeikimbiza mpaka mjini bila breki. Nakupa wewe. Wewe ndiye uliyetuanzishia mambo haya, yamalize wewe."

"Na nisipompa mkaguzi?"

"Basi hutampa." Akatazama rafu. "Una kitu chenye herufi kubwa? Kisiwe cha mapenzi. Wala cha siasa, nimechoka na wewe."

Nilitia bahasha mfuko wa ndani wa koti, yeye akitazama, nikamwazima kitabu cha ndege.

Jumatatu, 20 Machi

Jua! La kwanza la maana tangu Krismasi. Upepo mkavu, wa kuanikia hasa.

Kamba tupu.

Jumamosi, 25 Machi

Naandika katika chumba cha refa. Nimefunga mlango kwa ndani. Saa sita na dakika kumi mchana.

Mkaguzi ni Bi Rennie, mwanamke wa makamo, mpole, viatu vya maana, gurudumu la kupimia. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Imeshindikana. Alisema nyasi zetu ni nzuri. Alifungua maji ya moto, akaungua, akacheka. Alipima chumba hiki, akaandika "kinatosha." Alitembea mstari wote ambako reli itapita, Tam nyuma yake kama bwana harusi. Vijana walikuwa wameanza mapema mno kupasha misuli kwa ajili ya mechi ya saa nane na nusu, wakijifanya hawamwoni. Sijapata kuwaona wakikimbia hivyo.

Akafika kwenye nguzo.

"Na hizi? Nimeambiwa kuna karatasi."

Tam akanitazama. Wote wakanitazama. Bahasha ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti, naisikia ubavuni kama mkono wa mtu.

Nikasema, "Haijafika. Posta."

Miaka thelathini nimewaita watu waongo, kwa majina yao, kwa maandishi, na kwenye barua zao wenyewe nikawaonyesha mistari. Sikuwahi kusema uongo mmoja, hata ule wa kusaidia hoja. Leo nimeusema, bila kupepesa, kwa mtu aliyekuwa anatupenda.

Tam aliiona saini ile ikitiwa. Akaanza kurudishia majani kwa kiatu chake mahali palipochimbika, taratibu, kana kwamba hiyo ndiyo kazi iliyomleta. Afadhali angenipiga.

Bi Rennie alisikitika kweli. Orodha inafungwa leo. Atakunywa chai, ataondoka saa sita na nusu. Bila karatasi ataandika "bado", na bado ni msimu mwingine. "Labda umpigie wakili wako?" Nikasema ndiyo, nampigia. Ndivyo nilivyoingia humu. Simu iko mezani. Sijaigusa.

Nimeitoa bahasha mara mbili. Alama ya kidole cha Tam ipo kweli.

Nikimpa: Agosti basi la wageni litasimama kwenye lango letu. Nasikia kabisa breki zake. Na siku moja, miaka mitano, kumi, barua ya adabu kutoka halmashauri. Nisipompa: kiwanja ni chetu milele, na milele hiyo ina watu arobaini na mbwa. Halafu ni nani atakayeanika? Mwanamke wa miaka themanini na tatu? Kwa miaka mingapi? Hilo sikuwahi kuliandika katika kijitabu.

Mpira umegonga mwamba. Wanacheka nje.

Saa sita na robo. Kuna dirisha dogo hapa, nimelipangusa. Bi Isa anakuja. Anakata katikati ya uwanja, na fimbo, amevaa koti la kanisani na kofia. Vijana wamesimamisha mpira ili apite. Mmoja amempa mkono, ameukataa. Nilidhani anakuja huku kwangu. Haji huku. Anamwendea Bi Rennie moja kwa moja, mkono umeshanyooshwa tangu mbali, anatabasamu kama mwenye nyumba.

Wanasalimiana. Tam amevua kofia, ameigeuza mkononi, ameivaa tena.

Bi Isa anazungumza. Anaonyesha goli. Anaonyesha nguzo. Anacheka. Sasa anajipigapiga kifuani, upande wa mfuko wa ndani, pale aliponiona nikiiweka bahasha.

Bi Rennie ameacha kutabasamu. Anageuka kuutazama mlango huu.