Mtaro Mbele ya Duka la Baba

Kariakoo,
Dar es Salaam.
22 Juni 2025

Mpendwa kaka Abdulswamad,

Assalaam alaykum, na shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute umekula, umepumzika, na joto la Maskati halijakumaliza. Wifi Mgeni aliniambia goti linakusumbua ukipanda ngazi. Linaendeleaje? Umekwenda kuliangalia, au bado unalichua na mafuta ya karafuu na kusema limepona? Na Shamsa mitihani yake imekwishaje? Mwambie shangazi anamuulizia kila siku ya Mungu.

Sisi huku wazima, alhamdulillah. Mama yupo, macho ndiyo yale yale, ila masikio yanasikia hata yasiyomhusu. Idi Kubwa tulikula kwake Magomeni. Alikataa katakata tumpikie, akapika pilau mwenyewe huku ananiuliza mimi kama chumvi imekolea, kisha nikimjibu ananiambia sijui kupika.

Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu kila nikianza habari ya duka, ama mtandao unakatika ama Mama ananinyang'anya simu. Barua anakuletea mke wa Abdulrazak, anakuja kumwangalia binti yake aliyejifungua. Mpokee vizuri, kakubebea na visheti.

Kaka, mwezi wa pili uliniambia, "Najma, rudisheni fremu ya duka kwa mwenyewe, mpumzike." Nilinyamaza, ukadhani nimeudhika. Sikuudhika. Sikuwa na jibu tu. Sasa ninalo, ila ni refu, kwa hiyo kaa vizuri.

Unakumbuka maji yalivyokuwa yakituingilia dukani kila masika, Baba anapandisha masufuria juu ya meza na sisi tunachota maji kwa madishi? Basi baada ya mwaka mpya tukaambiwa mtaa wetu unajengewa mtaro mkubwa. Tulifurahi mno. Likaja katapila, likachimba mtaa wote kwa mkupuo mmoja, kutoka kona hadi kona. Kisha mkandarasi akahamisha mitambo yake kwenda kwingine, eti anasubiri makaravati ya kupitishia maji. Tukaachiwa shimo mlangoni, kina chake kinamfika mtu mzima kifuani, na tope chini.

Wateja wa mikoani wakawa wanafika kwenye kona, wanatazama, wanageuka. Nani abebe dazeni za sufuria juu ya shimo? Na Ramadhani ndiyo hiyo inakuja. Wewe unaijua biashara yetu. Wiki zile za kabla ya mfungo, watu wakinunua chupa za chai, sinia, bakuli za uji na hotpoti, ndizo zinazotulisha mwaka mzima. Tukipoteza hizo hakuna tena duka.

Mkandarasi alituachia ubao mmoja wa kuvukia kwa upande wetu. Ubao mmoja! Mume wangu Abdulatif akautaka uwe mbele ya mlango wetu. Urvish, mtoto wa Mzee Tulsidas wa duka la vitambaa pale ubavuni petu, akautaka mbele ya mlango wao. Asubuhi mume wangu anauvuta huku, mchana Urvish anauvuta kule. Siku moja wakatoleana maneno mbele ya watu, maneno ambayo siwezi kuyaandika. Kaka, Baba na Mzee Tulsidas walikaa kwenye kibaraza kile miaka na miaka, mmoja akiumwa mwenziwe anamfungulia duka. Sijawahi kusikia milango ile miwili ikigombana. Baada ya hapo hata salamu zikakatika.

Abdulatif akawa anarudi nyumbani hasemi. Kichwa kinamuuma, shingo inamkaza. Nikimwambia aende hospitali ananijibu ni vumbi la mtaro.

Aliyetutoa hapo ni Zalak, mke wa Urvish. Waume zetu wamenuniana, sisi tukawa tunaongea kwa simu kama wezi. Akaniambia, "Dada Najma, twende chemba." Ni chemba ya wafanyabiashara ya mkoa, ofisi yao iko Posta. Wakwe zake ni wanachama wa zamani. Nikamweleza Abdulatif, akacheka bila furaha.

"Chemba ni ya wenye maghorofa," akasema. "Watu wa semina na maji ya chupa. Sisi wa sufuria watatusikiliza nini?"

Nikaenda hivyo hivyo. Nilijua swali la kwanza litakuwa kadi ya uanachama. Tulipokewa na bwana mmoja anaitwa Melkiori, mtu wa Songea, mpole, anazungumza taratibu mpaka unatamani kummalizia sentensi. Hakuuliza kadi. Aliniuliza, "Mama, mzigo wenu wa Ramadhani unaingia lini?" Nikamwambia umeshaingia, umekaa stoo. Akaandika, akafunika kalamu, akasema kesho anakuja.

Na kweli alikuja, kavaa gambuti. Akapita mtaa mzima, duka kwa duka. Akazungumza na machinga waliopoteza pa kutandika bidhaa, akazungumza na mama muuza supu aliyehamia uchochoroni. Alipofika kwetu Abdulatif hakumkaribisha hata kiti. Melkiori alisimama pale pale ukingoni mwa shimo akamsikiliza mpaka mwisho.

Wiki hiyo hiyo akatuita kwenye ukumbi wao. Alikuwepo mhandisi wa mkandarasi, kijana tu, na mtu wa manispaa. Sisi wa mtaani tulijaa mpaka mlangoni. Mwanzo ilikuwa kelele tupu, kila mtu anamnyooshea mhandisi kidole. Urvish kakaa upande huu, mume wangu upande ule, hawatazamani.

Kisha Abdulatif akasimama. Kaka, unamjua, si mtu wa kusema mbele za watu. Akasema, "Mimi ninataka njia mlangoni kwangu. Lile duka aliniachia baba mkwe wangu. Halitafia mikononi mwangu."

Urvish naye akasimama, uso umemwiva. "Wako ameshakufa, Mungu amrehemu. Wangu yuko hai. Anakaa kwenye kiti tangu asubuhi anatazama mlango, hakuna anayeingia. Jioni ananiuliza, wateja wamekasirikia nini? Nimjibu vipi?"

Yule mhandisi akawa anatazama chini.

Melkiori hakuhutubia. Aliwaambia tu, "Naona ninyi wawili mnaomba kitu kimoja." Halafu akamgeukia mhandisi, akamweleza Ramadhani ni nini kwa watu wa Kariakoo, kwamba hao watu hawapingi mtaro, wanapinga kuchimbiwa mtaa mzima na kuachwa. Wakavutana pale muda mrefu. Mwisho yule kijana akakubali kujenga kipande kwa kipande, aanze na kwetu ambako kuna maduka mengi, na aweke vivuko vipana vyenye mikono ya kushika. Manispaa wakatoa kiwanja cha wazi upande wa Mnazi Mmoja, chemba wakasimamia mabanda, kila aliyezibiwa njia apate pa kuuzia mpaka mfungo. Wakabandika na mabango kwenye kona zote kwamba mtaa haujafungwa, maduka yapo.

Kivuko cha kwetu kikawekwa katikati ya milango miwili, na waliopewa kukisimamia ni nani? Abdulatif na Urvish. Asubuhi walizungumza habari ya misumari tu. Nilikuwa ndani napanga vikombe, nasikia nyundo, nasikia kimya, nasikia nyundo. Kufika alasiri nikasikia, "Kaka Latifu, hebu shika hapa, inacheza." Nikakaa juu ya boksi nikapangusa machozi kwa kanga, ukiniuliza sababu sijui.

Sasa nifike kwenye lile nililokudokezea kwa simu.

Siku mabanda yanafunguliwa, chemba walileta pia manesi, wakawafungia hema pembeni. Kupima presha na sukari bure kwa wafanyabiashara, kwa sababu, anasema Melkiori, watu wa Kariakoo hawana siku ya kuumwa. Urvish akamshika baba yake mkono wakapime. Mzee Tulsidas akagoma.

"Siendi! Wakinipima watanikataza ladu zangu tamu. Nimebakiza nini kingine duniani?"

Watu wakacheka. Abdulatif, kwa vile furaha ilikuwa imemrudia, akamwambia, "Mzee, ninatangulia mimi uone haiumi." Akakaa, akakunja mkono wa shati.

Nesi akampima. Akafungua kile kitambaa, akakifunga tena, akapima. Akahamia mkono wa pili. Halafu hakumtazama yeye, alinitazama mimi. "Mama, huyu baba asirudi bandani. Aende hospitali sasa hivi."

Abdulatif akataka kufanya mzaha, akafungua mdomo, maneno yakatoka yamepinda. Alikuwa ameshika kikombe cha maji mkono wa kushoto. Kikadondoka, na yeye mwenyewe hakujua kama kimedondoka.

Nilichoona ni Urvish anambeba mume wangu kama mtoto, anakimbia naye kwenye gari, anawapigia watu kelele wapishe. Muhimbili si mbali na pale, lakini siku ile ilikuwa mbali kama kwenu Maskati. Njiani nilimsikia akisema, "Kaka Latifu, nisikilize mimi, usilale, nitukane tena kama siku ile." Abdulatif alikuwa anaguna tu.

Daktari alisema ni kiharusi, na kwamba kilikamatwa kinaanza. Angekuwa peke yake dukani, au angesubiri kichwa kipoe kama alivyozoea, nisingekuwa na habari nzuri ya kukuandikia leo. Nilimwambia Urvish arudi akaangalie biashara, siku ya ufunguzi ile. Akakataa. "Dada, nikirudi bila jibu Baba hatanipokea." Akakaa kwenye benchi mpaka Abdulatif alipofumbua macho na kumuuliza, kwa ulimi mzito, kama kivuko bado kinacheza.

Na bandani kwetu je? Alikaa Mzee Tulsidas! Mtu wa vitambaa maisha yake yote, hajui bei hata ya kijiko. Zalak ananisimulia kuwa kila mteja akija anamwambia, "Keti mwanangu, mwenyewe kaenda hospitali, subiri nimuulize Najma," ananipigia simu. Watu wakawa wanakaa kweli, wanasubiri. Jioni akanipigia mara ya mwisho, nikadhani anauliza bei nyingine. Aliniambia, "Nimepima na mimi. Mwambie Latifu nimepima." Siku zote alizolazwa Abdulatif, lile banda halikukosa mtu, na Zalak akawa anauza vya kwao huku anauza vyetu. Yule Melkiori alikuja wodini na machungwa, akakaa dakika chache, hana maneno mengi.

Kipande chetu cha mtaro kilifunikwa kabla mwezi haujaandama. Mwezi mzima wa Ramadhani tuliuza dukani mwetu, mlango wazi. Si kama miaka mingine, lakini tuliuza, na watu wetu wote walifuturu.

Masika yalipokuja, Abdulatif alikuwa ameshaanza kuja dukani nusu siku. Mvua ikashuka ile ya kwetu. Mimi kwa mazoea nikaanza kupandisha masufuria mezani. Akaniita, "Njoo uone." Maji yanakwenda zake mtaroni, yanavuma chini ya miguu yetu, kizingiti kikavu. Tulisimama pale mlangoni na Mzee Tulsidas na Urvish, tunatazama mvua kama watoto.

Hali yake sasa ni nzuri. Ulimi umefunguka wote, mpaka natamani ungebaki mzito kidogo. Mkono wa kushoto bado dhaifu, anaufanyia mazoezi. Dawa anakunywa kila siku, chumvi nimemnyima, na ananilalamikia kwa kila anayeingia kununua sahani.

Kwa hiyo jibu langu kaka ni hili. Fremu haturudishi. Najua ulisema kwa huruma, na wakati ule hata mimi nilikuwa karibu kukubali. Lakini nimeona kwamba hatuko peke yetu pale kama tulivyodhani. Tumejiunga na chemba, na aliyebeba fomu kwa mikono yake ni yule yule aliyesema ni watu wa maji ya chupa.

Tena kuna jipya, usicheke. Wafanyabiashara wa mtaa wamenichagua mimi niwawakilishe kwenye vikao vyao. Mimi, niliyekuwa najificha nyuma ya Mama wageni wakija! Wiki iliyopita Melkiori alinichukua twende mtaa wa pili, katapila limeshaingia huko. Tukamkuta mama mmoja muuza ndoo, ukingo wa shimo umefika kwenye mguu wa meza yake, anafunga mizigo huku analia. Akaniuliza, "Na wewe umekuja kuniambia nipishe?"

Nikamwambia, "Hapana mama. Nimekuja kukuuliza mzigo wako unaingia lini. Alhamisi tuna kikao. Njoo ukae karibu na mimi."

Akanitazama kama asiyeniamini, akaendelea kufunga. Nilirudi nyumbani nimekata tamaa.

Alhamisi alikuja. Alikuja na majirani zake wote, ukumbi ukakosa viti.

Nisalimie sana wifi Mgeni, mwambie udi aliotuma umefika. Mbusu Shamsa. Msalimie na Fikirini ukimwona msikitini, mwambie mama yake mzima. Mama anakusalimu na kukuombea dua, anasema goti usilichezee. Shemeji yako Abdulatif anakusalimu sana, na Mzee Tulsidas anakuuliza utakuja lini, kiti chako kibarazani kipo.

Mwenyezi Mungu akulinde huko uliko, akupe afya, aifungue milango yako ya riziki, na atukutanishe tukiwa wazima.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Najma