N ya ndiyo

Vane. Vanessa! Uko?

Gad amefuta nyimbo za korali. Zote! Huyu kaka yangu Gad, fundi wa mashini za kompyuta wa Nakivale muzima.

Unajua mashini yake haikubali tena mausi. Wiki muzima anatafuta programu ya kupanga mafaili kwa vibonye tu, mule mu dirisha jeusi la maandishi. Programu moja, Ranger, akasema ni nzito. Ingine inaitwa Nnn, hiyo akaisifu kama mchumba mupya. Leo akaiongezea kamandi ya kufuta nyimbo zenye kujirudia, maana kila wimbo ulikuwa mule mara mbili.

Sasa sikia. Kamandi ikamuuliza kwa Kiingereza: nibakishe moja ya kila wimbo? y ya yes, ao n ya no?

Gad akafinya n.

N, Vane! Namuuliza, "Gad, n ya nini?" Ananikazia macho: "Si ndiyo? N ni ndiyo!"

N ni ndiyo!! Mutu anaandika Kiingereza tangu asubuhi, halafu anajibu Kiswahili.

Sasa anakaa, anasimama, anafungua folda ileile tupu. Mule ndimo ilikuwa sauti ya mama Mukarukundo, wimbo aliimba kabla hajatutoka. Jumapili watoto wake banakuja kanisani kuusikia. Gad ananong'ona tu, "Nilijibu ndiyo, Divine. Nilijibu ndiyo."

Wewe ulimurekodi mama Mukarukundo na simu yako siku ile aliimba, kabla uhamie Mbarara. Ungali na ile sauti yake?

Jibu sasa hivi. Na usiniandikie n. Andika neno lote.