Maharage Yaliyoiva Mapema

Kitahana, Kibondo
Jumatano, baada ya alasiri

Kwa Mama yangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Shikamoo Mama, na mwakeye ya salamu za kwetu. Nakuuliza kwanza goti lako la kushoto, kama linakubali kuinama shambani au bado linakusumbua mvua ikianza. Nakuuliza na kikohozi cha Baba mdogo Hilali. Mwambie ile dawa ya chupa ya kahawia aimalize hata kama anajiona amepona, maana namjua, akipata nafuu huirudisha kabatini.

Sisi huku ni wazima, ila uchovu ndio umehamia kwangu. Saady anaota meno mawili kwa mpigo na kila jino linataka niamke kwa ajili yake. Mwanahawa hajambo, anaongea kuliko redio. Baba yao yuko Kibondo mjini dukani kwa mjomba wake na hurudi kila Ijumaa; iliyopita alinikuta nimesinzia na mwiko mkononi. Amesema nimekonda. Nimemwambia sijakonda, nimegawanyika.

Najua unajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Wewe simu yako unaiweka sauti ya nje, Mama, na nikisema jambo hapo Titye kijiji kizima kinaitikia. Hili nataka ulisome peke yako kwanza. Nimeandika herufi kubwa usihangaike kumtafuta mtu wa kukusomea.

Habari yenyewe ni ya kondoo. Binti wa yule kondoo wako Miwani amezaa jana asubuhi. Nitakueleza alivyozaa, lakini vumilia, maana nitarudi nyuma kidogo.

Unakumbuka ulivyomleta Miwani mwenyewe kwenye lori la mahindi nilipojifungua Mwanahawa, na lile baka lake jeusi kwenye macho yote mawili. Ulisimama hapa uani, majirani wamejaa, ukanipa sheria yako ya maharage. Ulisema chupa ya kondoo ikipasuka, nisimguse. Niende jikoni niteleke maharage makavu. Mpaka punje ikibonyezwa kwa vidole ikubali kupondeka, mkono wangu ukae mbali naye. Ikipondeka na mwana hajatoka, ndipo ninawe mikono niangalie kuna nini. Mzee Pasikali jirani yetu alicheka akasema yeye amezalisha kondoo miaka thelathini na saa yake ni jua, ila maharage nayo si mabaya, angalau ukimaliza unakula. Ukamwita mkunga mwenye ndevu. Watu walicheka sana siku ile.

Sasa jana. Chupa ya binti yake Miwani ilipasuka nikiwa namwogesha Saady. Nikateleka maharage. Nikakaa kwenye kigoda mlangoni, mtoto mgongoni, nikimwangalia kondoo anavyozunguka, anavyolala na kuinuka, anavyokwangua udongo kwa kwato. Mikono yangu niliikalia, Mama, kwa maana niliiweka kweli chini ya mapaja. Punje ya kwanza ilikuwa ngumu. Ya pili ngumu. Nilipobonyeza ya tatu ikapondeka, na kule nyuma ilikuwa imetokea kwato moja tu. Moja, na pua juu yake. Ya pili haionekani.

Hapo ndipo nilipojua kwamba maharage yanakwambia wakati wa kuangalia umefika, lakini hayakwambii ufanye nini. Nikivuta kwato moja, nitamvunja. Nikiacha, atakufa ndani na kumuua mama yake. Nikaenda mbio kwa Mzee Pasikali.

Nilimkuta anapanda mihogo. Aliniuliza kama nina hakika ni yeye ninayemtaka. Nikamwambia nina hakika. Akaja, lakini alipofika kwenye zizi akaingiza mikono yote miwili kwenye mifuko ya lile koti lake la jeshi, akasimama pale. Akasema ataniambia la kufanya, ila yeye hagusi. Siku hizi hapa Kitahana chochote anachokigusa kikifa ni chake.

Wewe unajua kwa nini alisema hivyo. Utasema amejifunza adabu. Naomba usiseme bado.

Basi alinielekeza kwa mdomo, kama mwalimu. Ninawe mpaka kwenye viwiko, nijipake mafuta ya kula. Nisivute. Kwanza nimrudishe mwana ndani taratibu, kondoo akiwa amepumzika, si wakati anasukuma. Nitafute goti lililokunjwa, nifunike kwato kwa kiganja changu isichane, niilete mbele. Kila kondoo aliposukuma, Mzee aliniambia ngoja, mkono wako hauna kazi sasa, ngoja. Alipolegea akaniambia endelea. Nikaipata kwato. Kisha akasema sasa msaidie, anaposukuma wewe vuta kwa kwenda chini, akiacha na wewe acha, usimzidi. Mwana akatoka. Jike. Akateleza mpaka kwenye majani akalala kama kitambaa kilicholowa.

Hakupumua. Nilimfuta pua, nikamsugua, hakupumua. Nikamwinulia uso Mzee Pasikali. Mikono yake ilikuwa bado mfukoni, lakini niliona vidole vikicheza ndani ya kitambaa. Alikuwa anaumia kuliko mimi.

Mama, hapa nimeweka kalamu chini nikaenda kumnyonyesha Saady, na nimerudi. Nikichelewa tena sitaandika.

Siku aliyokufa Miwani, wiki tatu zilizopita, nilikwambia kwenye simu kwamba Mzee Pasikali ndiye aliyemhudumia. Maneno hayo hayakuwa uongo, lakini nilijua utakavyoyaelewa. Ukaelewa hivyo. Ukampigia Shangazi Asmahani hapa Kitahana, ukasema yule mzee ameingiza pupa kwenye kondoo wako, na Shangazi akalipeleka bombani. Toka hapo akipita watu wanasema ficheni kondoo, mkunga huyo. Wanacheka. Hakuna aliyemwita tena. Wiki iliyopita Sophie, yule mjane wa kule chini, alipoteza mbuzi na wanawe wawili tumboni, kwa sababu aliona aibu kumwita mtu anayechekwa.

Si yeye aliyemvuta mtoto wa Miwani. Ni mimi.

Asubuhi ile Saady alikuwa hajalala usiku kucha. Nilitia magadi kwenye maharage ili yaive haraka, tule, nilale. Ndipo chupa ya Miwani ikapasuka, maharage yakiwa tayari jikoni. Nikajiambia basi, hayo hayo yatapima. Nilijua yana magadi, Mama. Nilibonyeza punje ikapondeka upesi, nikajiambia sheria imetimia. Kwato mbili zilikuwa zinachungulia, mwana amekaa vizuri, hakuna kilichokuwa kibaya. Alikuwa anataka muda tu. Mimi nikashika nikavuta, njia haijafunguka, nikavuta huku analia. Mwana alitoka mzima. Kisha mfuko wa uzazi ukamfuata, na damu.

Watu wangenisamehe kama ningesema niliogopa. Sikuogopa. Nilichoka. Nilitaka amalize, nikalale.

Mzee Pasikali nilimwita baada ya hapo. Alijitahidi kuurudisha ule mfuko mpaka adhuhuri, akiwa amepiga magoti kwenye tope, na majirani walipofika walikuta damu kwenye mikono yake, si yangu. Mimi nilikuwa nimeshanawa. Waliuliza, nikanyamaza. Miwani alipokufa nilimpakulia Mzee maharage, akala, akaomba maji, akaenda zake.

Ndipo jana, yule mwana amelala hapumui, nikamwambia, "Mzee, siku ile nilitia magadi."

Akaniambia, "Najua. Niliyala."

Akatoa mikono mfukoni. Alimshika mwanakondoo miguu ya nyuma akambembeza mara mbili, kamasi zikamtoka, akamwekea unyasi puani, akampiga kidogo ubavuni kama mtu anayebisha hodi. Mwanakondoo akapiga chafya. Mama yake akageuka, akaanza kumlamba, na Mzee akanirudisha nyuma kwa kiwiko, akasema sasa hapa si petu, tuondoke.

Wiki tatu alijua, na hakusema neno. Nilimuuliza kwa nini. Alisema alinitazama siku ile, mtoto mgongoni, mwingine ananing'inia kwenye kanga, akaona mwenye mzigo ule asiongezewe. Nilitamani angenitukana.

Sasa nisikilize mwanao. Leo asubuhi nimekwenda bombani nikasema yote mbele ya wanawake, na Shangazi Asmahani akiwepo. Mmoja akanitania kwamba nipewe mimi jina la mkunga. Nimelipokea. Lakini hapa neno lako lina nguvu kuliko langu, kwa sababu wewe ndiye uliyeanzisha maneno haya na kondoo alikuwa wako. Nakuomba umpigie simu Mzee Pasikali wewe mwenyewe. Mimi usinipigie kwanza. Ukitaka kunigombeza, niandikie, nami nitasoma kila neno. Mpigie yeye, na siku hiyo weka sauti ya nje, Titye nzima isikie.

Mwana wa Miwani, yule dume niliyebaki naye, namnywesha maziwa ya ng'ombe kwa chupa na ananifuata mpaka chooni. Huyu jike wa jana, akishaacha kunyonya, ni wa Mzee Pasikali. Hili sikuombi ruhusa, nakuarifu.

Na nikwambie jambo moja la mwisho ambalo silijui vizuri kulisema. Siku ya uchungu wa Mwanahawa ulikaa nyuma yangu tangu asubuhi hadi jua linazama. Ulinishika mgongo tu. Hukuniambia niharakishe, na ulikuwa umesafiri usiku kucha, hujala. Nilidhani ulikuwa hufanyi kitu. Jana nikiwa nimeikalia mikono yangu ndio nimejua ile ilikuwa kazi.

Nisalimie Baba mdogo, Mama Nduwayezu na wote wa pale nyumbani. Wajukuu wako wanakuamkia. Mwanahawa anasema umletee miwa. Barua hii nampa Tharsisi wa gari la Kasulu, pamoja na kifurushi cha maharage ya msimu huu. Ni magumu, yanachukua muda. Yaache yachukue.

Mungu akupe afya, nami anipe usingizi.

Ni mimi mwanao,
Mwajabu